Hoophall Classic, Springfield: kwa nini vijana bora wa kikapu Marekani wanachezea ukumbi wa watu 2,000?

#1 MzaramoWaHartford
Wakuu, salaam.

Naishi Hartford, Connecticut, na Springfield ya Massachusetts kwangu ni pua na mdomo. Kila Januari, wikiendi ya sikukuu ya Martin Luther King, lazima niende Hoophall Classic. Kwa ambao hamjaisikia: ni mechi za mwaliko za shule za sekondari, zinaandaliwa na Hall of Fame ya kikapu, yaani makumbusho ya magwiji wa mchezo, tangu 2002. Hakuna kombe, hakuna fainali. Shule zinaitwa kutoka kila kona ya Marekani, kila moja inapangiwa mpinzani, na mechi zinapigwa tangu asubuhi hadi usiku, moja ikitoka nyingine inaingia. Unakata tiketi ya siku nzima unakaa mpaka mgongo unakataa.

Sasa hoja yangu. Mechi zote zinachezwa Blake Arena, ukumbi wa Springfield College, unaochukua watu kama 2,000. Mjini, dakika chache kwa gari, kuna MassMutual Center yenye viti karibu 7,000. Jumatatu, siku ambayo runinga ya michezo ya ESPN inarusha zile mechi nzito, tiketi zinaisha mapema. Nimemwona kwa macho yangu baba mmoja na vijana wake wamesimama nje kwenye theluji wakiuliza kila anayepita kama ana tiketi ya ziada. Wamevaa jezi za shule ya mtaani kwao. Mechi ikaanza wao wako nje.

Cooper Flagg alipita hapa na jezi ya Montverde, sekondari ya Florida, na Juni 2025 Dallas wa NBA wakamchukua wa kwanza kwenye drafti, ule uchaguzi wa wachezaji wapya. Kumwona sasa hivi unatoa fedha ya maana. Kumwona akiwa sekondari ilikuwa bei ya chakula cha mchana, ukipata nafasi ya kuingia.

Nasema ule ukumbi ni mdogo kwa makusudi, na ni makosa. Mnaonaje?

#2 KikapuTemeke
Mkuu, jibu ni barafu. MassMutual ndiyo nyumba ya Springfield Thunderbirds, timu ya magongo ya barafuni ya ligi ya AHL. Januari ni katikati ya msimu wao. Barafu inaweza kufunikwa na kutandikwa sakafu ya mbao juu yake, kumbi nyingi zinafanya hivyo, ila ni kazi ya usiku kucha na inagharimu. Hoophall inakula siku kadhaa mfululizo, tena wikiendi ndefu ambayo timu ya magongo nayo inaitaka kwa mapato. Hakuna njama hapo.

#3 BintiMvita
Mimi naona mnalitazama kihasibu mno. Mchezo wenyewe ulizaliwa pale! Springfield College ndiyo ile shule ya mafunzo ya YMCA ambako James Naismith alitundika vikapu vya pichi Desemba 1891. Ukienda kuucheza penginepo umeondoa roho ya tukio. Niliingia Blake Arena mara ya kwanza nikawaza, hapahapa ndipo mpira wa kwanza ulipopita kikapuni. Nikasisimka mwili mzima.

#4 Ticha_Mstaafu
Dada BintiMvita, shule ni hiyo lakini jengo silo. Ukumbi wa Naismith ulikuwa kwenye kona ya mitaa ya State na Sherman, eneo lililoitwa Winchester Square, siku hizi Mason Square. Chuo kilihamia mtaa wa Alden baadaye. Pale penye jengo la zamani kuna mnara wa sanamu, na ukiwa na gari unapita tu kabla ya mechi. Waliocheza siku ile walikuwa wanafunzi 18, tisa kwa tisa, na mechi iliisha 1-0. Kikapu kimoja mechi nzima! Nimefundisha michezo miaka mingi, na wanafunzi wangu wakishindwa kufunga nilikuwa nawapa habari hiyo wanapata nguvu.

#5 MzaramoWaHartford
Ticha asante kwa hilo la Mason Square, nitapita.

Lakini hoja ya asili haijanishibisha. Hata makumbusho ya Hall of Fame yenyewe hayako chuoni. Yako kando ya mto Connecticut, lile jengo lenye tufe kubwa unaloliona ukiwa barabara kuu ya 91. Kama wao wenyewe wamehama, mechi zinashindwa nini kuhama?

Na KikapuTemeke, hiyo ya barafu naikubali nusu. Boston wanacheza kikapu na magongo kwenye jengo moja msimu mzima.

#6 KikapuTemeke
Boston wana Celtics wa kikapu na Bruins wa magongo, mkuu. Kuna fedha ya kulipa mafundi wa kutandika na kutandua kila uchao. Hapa tunazungumzia shule za sekondari.

#7 FundiKamera
Nimefanya kazi ya kamera kwenye michezo ya vyuo, kwa hiyo niwape la upande wetu.

Ukumbi wa watu 2,000 uliojaa unapendeza kwenye runinga kuliko wa 7,000 uliojaa nusu. Kamera kuu inatazama upande mmoja wa majukwaa, na ukiona viti vitupu nyuma ya mchezaji unabadilisha chaneli bila kujua kwa nini. Halafu kuna sauti. Ukumbi mdogo dari liko chini, kelele hazina pa kwenda, maikrofoni inakamata raba zinavyolia sakafuni, inakamata kocha anavyofoka. Mtazamaji aliyeko Arizona anajua hii ni mechi kubwa kabla mtangazaji hajafungua mdomo.

Kwa hiyo mleta uzi anaposema makusudi, kwangu makusudi yapo. Ila ni ya runinga.

#8 MutotoWaKenya
Jambo bandugu. Miye niko mutu wa Lubumbashi, sasa niko Maine. Munasema Hoophall tu, lakini mutoto wetu Bismack Biyombo alijulikana kwa mechi ya namna hii hii. Ilikuwa Nike Hoop Summit, Portland ya Oregon, mwaka 2011. Vijana wa dunia dhidi ya vijana wa Marekani. Akapata pointi 12, ribaundi 11, akazuia mitupo 10. Mbele yake hakuna mwingine aliyekuwa amefikisha kumi katika mambo matatu pamoja vile katika mechi ile. Miezi michache kisha, NBA walimukamata namba 7. Mechi moja tu, bandugu. Kwetu watu walicheza mpaka asubuhi.

(Kenya ni komini ya Lubumbashi, musiniulize habari ya Nairobi.)

#9 Kijana_wa_Kisumu
Hapo kwa Kenya nilikuwa tayari kuuliza 😂 Karibu sana mzee.

Na huyu AJ Dybantsa kijana wa Brockton, si pia ni Mkongo wenu? Massachusetts nzima ilikuwa inamwongelea tangu akiwa kidato cha kwanza.

#10 MutotoWaKenya
Hapana ndugu yangu. Baba yake ni wa Congo-Brazzaville, ng'ambo ya muto. Mama ni wa Jamaika. Tunamupenda, lakini si wetu. Wetu ni Jonathan Kuminga, huyo ni wa Goma, alizaliwa 2002, alikuja huku mudogo akacheza sekondari Virginia Magharibi, New York, na New Jersey. Golden State walimuchukua 2021 namba 7, na 2022 akavaa pete ya ubingwa.

#11 Ticha_Mstaafu
Tena mwaka huohuo wa 2021 Golden State walichukua na Moses Moody, namba 14. Moody alikuwa kwenye kile kikosi cha Montverde cha 2019-20 pamoja na Cade Cunningham, Scottie Barnes na Day'Ron Sharpe. Mechi 25, hawakufungwa hata moja, mpaka korona ikasimamisha msimu. Cunningham akaenda namba 1, Barnes namba 4. Sekondari moja! Ndiyo maana nasema mashabiki wa NBA wasiokwenda kwenye mechi hizi wanajinyima.

#12 MamaWaLowell
Nimesoma kimyakimya tangu juzi, leo niseme.

Mwanangu alicheza Hoophall. Hakuwa Montverde wala shule yoyote ya kutangazwa. Shule ya serikali ya hapahapa Massachusetts, ile mechi ya siku za mwanzo ambayo hakuna kamera ya taifa. Asubuhi, nje kumeganda, tumebeba thermosi ya chai ya tangawizi na maandazi. Majukwaani tulikuwa wazazi, wadogo zao, walimu, na wazee wachache wa mtaani ambao nadhani wanakuja kila mwaka kuangalia chochote kinachodunda.

Nilikaa mstari wa tatu. Niliona mambo ambayo kwenye shule yao sikuwahi kuyaona. Jinsi alivyokuwa anavuta kaptula yake magotini akisubiri mtupo wa adhabu, vidole vinatetemeka. Nilimsikia kocha anamwambia, taratibu tu, "pumua kwanza". Akapumua. Akafunga ya kwanza, akakosa ya pili. Nikiwa ukumbi wa watu 7,000 ningeona jezi tu ikikimbia.

Halafu mechi ilipoisha wakaoga, wakapanda majukwaani na mifuko ya barafu imefungwa magotini kwa plastiki, wakakaa na sisi kuangalia mechi inayofuata. Mlangoni akaingia kijana mrefu wa shule kubwa, anainama kupita, akakaa ngazi moja na mwanangu. Wakaanza kuongea habari za viatu kama wamekua pamoja. Mwanangu sasa anasomea uuguzi, hachezi tena, lakini siku ile haimtoki.

Kwa hiyo kaka MzaramoWaHartford, unaumia kwa walioachwa nje Jumatatu, na una haki. Lakini ukihamishia mashindano yote jumba kubwa, watoto wa siku za mwanzo watacheza mbele ya viti. Hao ndio wengi.

#13 MzaramoWaHartford
Dada, hili sikuwa nimeliweka mezani kabisa. Asante.

Ila halizuii kugawa: siku za mwanzo Blake, Jumatatu jumba kubwa. Au?

#14 BintiMvita
MamaWaLowell umeniliza kazini.

#15 FundiKamera
Kugawa ni gharama mara mbili: nyaya, taa, gari la matangazo, jukwaa la watangazaji. Kuhamisha vyote usiku mmoja kwenye theluji ya Januari, mtu wa uzalishaji atakukimbia.

#16 DaktariWaMpira
Nyote mnazunguka. Sababu kuu ni makocha wa vyuo.

Tazameni wanapokaa: mstari mmoja karibu na sakafu, kila mmoja na fulana yenye nembo ya chuo chake, nembo kubwa. Sheria za NCAA, chama cha michezo ya vyuo, zinawakataza kuzungumza na mchezaji ambaye bado ana mechi kwenye tukio. Sasa kocha ametoka Kentucky kwa ndege, hawezi kusema neno, amekuja kufanya nini? Amekuja kuonekana. Kijana akigeuka baada ya kikapu anamwona kocha pale, miguu imenyooshwa mpaka karibu na mstari. Kwenye jumba kubwa kocha anapotea, na safari yake inapoteza maana. Makocha wasipokuja, shule kubwa haziji. Shule kubwa zisipokuja, ESPN hawaji. Ukumbi mdogo ndio unaoshikilia mnyororo mzima.

#17 KikapuTemeke
Mkuu #16, hiyo haisimami. Viti vya makocha vinatengwa hata kwenye kumbi kubwa, na wanakaa pale pale pembeni ya uwanja.

#18 DaktariWaMpira
Vinatengwa, ndiyo. Lakini mchezaji kwenye ukumbi mdogo anamsikia kocha akicheka. Nenda ukakae karibu nao halafu tuongee.

#19 Nguvu_Kazi_Mwanza
Wakuu, wengine tuko Bongo tunafuatilia kwa simu. Hasheem Thabeet alicheza hiyo Hoophall? Nakumbuka alikuwa maeneo hayo.

#20 Ticha_Mstaafu
Thabeet alitoka Makongo, Dar, akaja Marekani, akamalizia sekondari Cypress Christian, Houston. Huku kwetu tulianza kumwona alipoingia UConn, chuo kikuu cha Connecticut, 2006, na UConn iko Storrs, chini ya saa moja kutoka Springfield. Ndiyo maana unakumbuka maeneo haya. 2009 Memphis wakamchagua namba 2, nyuma ya Blake Griffin, mbele ya James Harden na Stephen Curry.

Najua watu wanapenda kulirudia hilo la Harden na Curry, waliokuja kuwa nyota wakubwa kuliko yeye, kwa kubeza. Mimi silirudii kwa kubeza. Kijana wa Makongo aliyeanza kikapu akiwa mkubwa, akawa mlinzi bora wa vyuo nchi nzima, heshima yake ibaki palepale.

#21 Nguvu_Kazi_Mwanza
Umesema kweli Ticha. Na sisi Mwanza tunaye Atiki Ally Atiki. Alipitia Ontario, Canada, akacheza chuo cha BYU, kisha New Mexico. Kila mechi yake tulikuwa tunakesha.

#22 Kijana_wa_Kisumu
Swali la kweli: kwa nini hawa vijana wetu wote wanaishia shule za binafsi? Hakuna hata mmoja unasikia alikuwa shule ya serikali ya kawaida. Ni mawakala?

#23 MwanasheriaWaWorcester
Sheria, kabla ya mawakala. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa kusoma sekondari ya serikali kwa miezi 12 tu, na lazima alipe gharama yote ya masomo. Shule ya binafsi haina kikomo hicho, na inaweza kumpa ufadhili. Kwa kijana anayehitaji miaka miwili au mitatu ya kuonekana, mlango uliobaki ni mmoja. Wakimbizi na wenye kadi ya kijani hilo haliwahusu, ndiyo maana watoto wa Kikongo waliokuja kama wakimbizi utawakuta shule za serikali za Springfield, Worcester, Manchester na Portland ya Maine.

Na jambo jingine ambalo wazazi huambiwa limechelewa: mwenye F-1 amefungwa sana kwenye kufanya kazi, kwa hiyo fedha za matangazo ambazo wachezaji wenzake wa Kimarekani wanapokea siku hizi, yeye hawezi kuzichukua vivyo hivyo. Mzazi asisaini chochote kabla hajaongea na mwanasheria wa uhamiaji. Nasisitiza. Kuna mama alinijia na karatasi ambayo "mlezi wa kikapu" alimpa mtoto wake wa miaka 15 asaini. Ilikuwa kurasa nyingi na hakuna hata moja iliyomlinda mtoto.

#24 MamaWaLowell
Na kwetu alikuja mmoja. Alimfuata mwanangu kwenye korido, pale karibu na vyoo, kabla hata hajavua jezi, anamwahidi shule ya bweni jimbo jingine. Nikamuuliza shule ina walimu wangapi wa hisabati. Hakujibu. Wazazi, msimwache mtoto peke yake kwenye zile korido.

#25 MdigoWaTiwi
Salamu kutoka Kwale. Nimeingia kwa sababu ya neno sekondari.

Huku kwetu mechi za shule hazina tiketi wala runinga ya taifa. Kaya Tiwi, wasichana wetu, wamepiga watu kitaifa Kenya wakitokea viwanja vya wazi, jua la saa saba, sakafu ya saruji inaunguza mpaka unaisikia kwenye soli. Mashabiki tunasimama pembeni ya mstari, mpira ukitoka unaurudisha mwenyewe. Wakienda michezo ya shule za Afrika Mashariki kukutana na Waganda, kijiji kizima kinatafuta matokeo.

Kwa hiyo mimi naona utamu ni kuwa karibu. Ukimweka shabiki mbali umempa kitu kingine. Hilo ndilo jibu langu kwa mleta mada.

#26 Nguvu_Kazi_Mwanza
MdigoWaTiwi, nyie Kenya mna bahati, shule inacheza kama shule. Kwetu UMISSETA, michezo ya sekondari ya taifa, ni mkoa kwa mkoa. Nilikwenda Tabora 2022. Mchezaji wa shule yako akichaguliwa anavaa jezi ya Mwanza, anachanganywa na wa shule nyingine, na mkifungwa hakuna shule ya kuililia. Mchezo mzuri, vijana wanajituma, lakini ule ushabiki wa "shule yangu na yako" unakatika wilayani. Ndiyo maana kikapu cha sekondari Bongo hakijengi mashabiki wake. Wanaoonekana wanasubiri ligi ya Dar.

#27 Ticha_Mstaafu
Napinga kidogo. Mfumo wa mikoa unampa nafasi kijana mmoja mzuri aliyeko shule isiyo na timu. Shule ngapi Tanzania zina uwanja wa kikapu wenye ringi mbili zilizosimama? Ukifanya shule kwa shule, watakaoonekana ni wa shule zenye uwezo tu. Na hilo ndilo lililotokea Marekani: shule chache za bweni zinakusanya vipaji vyote.

#28 Nguvu_Kazi_Mwanza
Hapo kwenye ringi mbili umenigusa. Kwetu moja imepinda, watoto wanajua kuitumia ilivyopinda. Lakini bado nataka shule.

#29 Bwana_Kelele
Turudi Springfield. Nilikuwepo Januari 2020, siku LeBron alipokuja kumwona mwanawe Bronny akichezea sekondari ya Sierra Canyon. Lakers, timu ya LeBron, walikuwa na mechi Boston usiku huohuo. Nyomi! Hao Sierra Canyon wakashinda, ukumbi ukataka kupasuka. Katikati ya mechi mtu akamrushia Bronny kitu alipokuwa anaingiza mpira. Tangu siku ile nikasema ukumbi ule haufai kwa usalama. Mashabiki wako mkono mmoja tu kutoka kwa mtoto.

#30 DaktariWaMpira
Hawakushinda mkuu. Paul VI ya Virginia waliwapiga 70-62. Jeremy Roach, aliyekwenda chuo cha Duke, alikuwa Paul VI.

#31 Bwana_Kelele
Kelele ndizo zilikuwa za ushindi basi 😄 Lakini suala la kurushiwa kitu ni kweli, video ilizunguka dunia nzima.

#32 FundiKamera
Ni kweli, na aliyerusha alionekana ni mtoto mdogo, kitu chenyewe ni kama ganda la chungwa. Ila kwa usalama, jumba kubwa linakuletea watu mara tatu na milango mingi zaidi. Hujapunguza hatari, umeisambaza.

#33 Bwana_Kelele
Jumba kubwa lina walinzi wa kulipwa na uzio kati ya jukwaa na sakafu. Pale Blake mimi nimenyoosha goti nikamgusa refa.

#34 Kijana_wa_Kisumu
Watu wa kanuni, swali dogo. Nikiangalia mechi zao naona zinaisha haraka. Ni mimi?

#35 Ticha_Mstaafu
Ni robo nne za dakika 8, jumla 32. Mechi za kimataifa za FIBA ni 40, NBA 48. Muda wa kushambulia unategemea jimbo: Massachusetts wana sekunde 30 siku nyingi, wakati shirikisho la shule za sekondari la taifa liliruhusu majimbo kutumia 35 kuanzia msimu wa 2022-23 tu. Kuna majimbo mpaka leo timu inaweza kushika mpira mpaka mashabiki wazomee.

#36 MzaramoWaHartford
Niwajibu kwa pamoja.

Barafu (#2): inaeleza wikiendi yenye mechi za magongo, haielezi miaka yote hii. Runinga (#7): nakubali sana, na ndiyo inayonikera, maana shabiki wa Springfield anaachwa nje ili aliyeko Arizona aone viti vimejaa. Makocha (#16): sijashawishika, ila mwakani nitakaa karibu nao nisikilize hicho kicheko. MamaWaLowell ndiye aliyenitikisa. Usalama (#29): kwangu inaunga mkono kuhama.

Bado nasema Jumatatu ihamie mjini. Mji huu una watu zaidi ya 150,000, wengi wao hawana fedha ya kwenda Boston kuona Celtics. Mchezo ulizaliwa mtaani kwao, mwendo mfupi kutoka mlangoni. Mtoto wa Mason Square akiukosa kwa sababu viti ni 2,000, mimi linaniuma.

#37 MutotoWaKenya
Mutoto wa Mason Square apewe tiketi ya bure siku za mwanzo, ile ya mama wa Lowell. Jumatatu ibaki.

#38 MwanasheriaWaWorcester
Naunga mkono #37, hata ikiwa ni viti 200 kwa shule za mji kila siku.

#39 KikapuTemeke
Na nani atalipa hivyo 200?

#40 BintiMvita
Kwa wanaotaka kwenda mwakani, ushauri wangu. Fuatilieni tiketi ratiba inapotoka, msisubiri Januari. Nunueni kwa waandaaji wenyewe. Mimi niliwahi kununua kwa mtu wa mtandaoni, mlangoni mashine ikakataa, simu yake ikazimwa. Vaeni tabaka tabaka, maana nje mnaganda na ndani mnatoka jasho. Koti zito linakaa mapajani siku nzima. Fikeni mapema kwa ajili ya maegesho. Msijaze tumbo asubuhi mkalazimika kuamka kitini, maana ukitoka kwenye mechi kali ukirudi kiti kimekaliwa. Na siku moja itengeni kwa makumbusho ya kando ya mto. Chini ya lile tufe kuna uwanja, unaruhusiwa kutupa mpaka mkono uchoke. Dikembe Mutombo yupo ukutani tangu 2015, Hakeem Olajuwon tangu 2008. Nilisimama mbele ya Mutombo kwa muda, aliyekuwa ametutoka 30 Septemba 2024. Mlinzi akaniachia.

#41 MutotoWaKenya
Mutombo alijenga hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake. Asante kumutaja, dada.

#42 Dada_wa_Ribaundi
Uzi una mambo arobaini, hakuna aliyetaja wasichana isipokuwa MdigoWaTiwi. Hoophall ina mechi za wasichana pia! Nilicheza sekondari, na nawaambia, hapo ndipo mtaona kikapu cha kupasiana. Nilipokwenda, mechi ya wasichana ilipoanza nusu ya jukwaa wakatoka kununua pizza. Tukabaki sisi tunaojua. Mlinzi mmoja wa timu ya Connecticut alimsoma mpinzani mkono wake wa kushoto mpaka yule dada akaacha kuutumia kabisa. Kila mara akigeukia kushoto, anamkuta.

Mleta uzi, unataka viti 7,000 Jumatatu. Kwanza jazeni hivi 2,000 wasichana wakicheza.

#43 MzaramoWaHartford
Dada, ratiba ikitoka naweka hapa mechi zote za wasichana, na nitakuwepo.

#44 Kijana_wa_Kisumu
Mimi pia. Niko Worcester, sina gari. Nani anapita njia ya 90 asubuhi ya Jumamosi?

#45 MwanasheriaWaWorcester
Mimi. Nina nafasi tatu. Natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kamili, simsubiri mtu.

#46 MamaWaLowell
Niwekeeni moja, nitalala kwa dada yangu Worcester Ijumaa. Maandazi naleta.

#47 KikapuTemeke
Barafu bado ndiyo sababu.